Kura ya Kiswahili, Rufani ya Kiingereza

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii yafaa sana kupimia uchaguzi wa vyama vyetu vya wafanyakazi. Mlango wa uchaguzi huo ni mzuri: kuna sanduku, kuna karatasi, kuna wasimamizi, na majina ya wagombea yameandikwa kwa herufi zisomekazo. Lakini afunguaye na kuingia ndani ataona kwamba chumba cha kwanza na chumba cha mwisho vimejengwa kwa lugha ambayo mwenye nyumba haijui. Nakusudia kusema habari ya vyumba hivyo viwili, na kuisema pasipo kuzunguka, kwa sababu watu ninaowasemea ni wafanyakazi wa Masasi na Newala ambao ada hukatwa katika mishahara yao kila mwezi. Mtu akatwaye ada ana haki ya kujua anachokilipia.

Siku moja nilihudhuria mkutano wa uchaguzi wa tawi la chama kimoja cha wafanyakazi katika mojawapo ya wilaya hizi mbili. Jina la chama silitaji, kwa sababu sikuja kushitaki mtu. Nimekuja kushitaki desturi. Waliokusanyika walikuwa wabanguaji wa korosho, walinzi wa maghala, wapakizi na wafagizi, na wengi wao walikuwa wanawake. Mambo yalikwenda kwa utaratibu mwema mpaka ilipotangazwa kwamba mmoja wa wagombea ameondolewa. Akainuka mama mmoja, mtu mzima, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeingia weusi wa mafuta ya maganda ya korosho, akauliza sababu. Msimamizi akafungua jalada, akasoma kifungu kizima kwa Kiingereza, akalifunga. "Ndivyo sheria inavyosema, mama," akasema. Mama akauliza, "Inasemaje, mwanangu?" Msimamizi akajibu kwamba hayo ni mambo marefu ya wanasheria, na muda ni mchache. Mama akatazama kulia na kushoto, akaketi. Baadaye karatasi zikagawanywa, naye akapiga kura kama wenziwe.

Kwa hesabu ya msimamizi, mama yule alipiga kura. Kwa hesabu yangu, alipiga nusu ya kura. Nusu ya pili ilibaki ndani ya jalada.

Yafaa tuelewane juu ya maana ya neno hili. Kura ni mnyororo wenye pete tano: tangazo, kanuni, karatasi, hesabu na rufani. Pete ya katikati, yaani karatasi, imekwisha tiwa Kiswahili karibu kila mahali, na kwa jambo hilo vyama vyetu vyastahili sifa. Wagombea hujinadi kwa Kiswahili, mikutano huendeshwa kwa Kiswahili, na vyama vikubwa vina katiba za Kiswahili. Asemaye kwamba mfanyakazi wa Tanzania hupigishwa kura kwa Kiingereza asema uongo. Lakini katiba ya chama haisimami peke yake hewani. Imesimama juu ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ndiyo iliyotaja mambo yanayopasa kuwamo katika katiba hiyo. Na sheria hiyo ilitungwa kwa Kiingereza. Mwanachama akiona kwamba chama kimevunja katiba yake, njia yake ya mwisho ni Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na kwa miaka mingi hukumu za huko zimeandikwa kwa Kiingereza. Basi huyu mtu huchagua kwa Kiswahili na hudai kwa Kiingereza. Akishinda, aambiwa kwa lugha yake; akidhulumiwa, aambiwa kwa lugha ya mwingine. Mnyororo hauna nguvu kupita pete yake iliyo dhaifu, na hapa pete mbili za kando ni za nta.

Asidhani mtu kwamba nawasemea watu wageni wa kitabu. Masasi ni mahali ambapo Kiswahili cha maandishi kiliingia mapema sana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyekitumikia Kiswahili kwa sarufi na tafsiri zake, aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Unguja mpaka Masasi, wakaweka maskani huko. Wamakua, Wayao na Wamakonde wa nchi ile wamekuwa na shule za Kiswahili kabla ya sehemu nyingi za bara kuona kitabu. Ikiwa leo mtu wa Masasi hakielewi kifungu cha sheria inayomhusu, kosa halimo katika kichwa chake. Kifungu ndicho kilichokataa kusema naye.

Tena watu hawa si wageni wa kazi ya mshahara wala wa umoja wake. Wamakonde, wa upande huu wa Ruvuma na wa upande wa Msumbiji, walikata mkonge katika mashamba ya Lindi na Tanga. Wengine waliajiriwa katika mpango wa karanga wa Waingereza huko Nachingwea, jirani ya Masasi, mpango ulioanguka kabla haujazaa. Katika mashamba hayo walikutana makabila mengi, kila moja na lugha yake, na lugha moja tu ilikuwa ya wote. Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam mwaka 1947 ulienea kwa Kiswahili. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955, katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa, mtu wa kusini vile vile, na mikutano iliyomfuata ilikuwa ya Kiswahili. Hapana shaka barua za madai kwa serikali ya kikoloni ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa aliyedaiwa alikuwa Mwingereza. Udhuru huo ulikuwa mzuri kwa wakati wake. Ninauliza tu: leo aliyedaiwa ni nani?

Nchi hii yajua vizuri namna ya kumfungulia mlango mtu asiyejua lugha ya wakubwa, maana imekwisha fanya hivyo. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la 8, au pato la pauni 150 kwa mwaka, au cheo maalumu. Kanuni hiyo ilimwacha nje mkulima wa Newala pamoja na baba yake na mama yake. Mwaka 1965, katika uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya muungano, karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili na alama mbili, jembe na nyumba. Bibi kizee asiyejua herufi moja alitazama jembe akajua ni jembe, akatazama nyumba akajua ni nyumba, akachagua. Miaka 7 tu ilipita kati ya kanuni ya pauni 150 na picha ya jembe. Hakuongezewa mtu akili katika miaka hiyo; serikali ndiyo iliyobadili nia. Kwa hiyo asitwambie mtu kwamba jambo hili ni gumu. Ni jambo la nia.

Nia hiyo imekuwa kigeugeu katika vyama vya wafanyakazi, na dalili yake imo hata katika majina. Mwaka 1964 vyama vyote vilivunjwa, kikaundwa kimoja kilichoitwa NUTA, jina la Kiingereza kwa chombo cha wafanyakazi wa Kiswahili, na katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais wa nchi. Mwaka 1967 Kawawa yule yule, wakati huo akiwa Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza kwamba shughuli za serikali zifanywe kwa Kiswahili. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, na kwa mara ya kwanza jina la umoja wa wafanyakazi likasomeka kwa wafanyakazi. Mwaka 1991 likaja jina la OTTU, tukarudi tulikotoka. Leo walimu, ambao kati ya wafanyakazi wote hawaogopi Kiingereza, wana chama chenye jina la Kiswahili, Chama cha Walimu Tanzania. Na vibarua wa mashambani, ambao hawakukaa darasani miaka mingi, wana chama kiitwacho TPAWU, ambacho kila herufi yake ni ya Kiingereza. Jina halimlishi mtu wala halimpunji, nakubali. Lakini jina ni kibao cha mlangoni, na kibao chamwambia mpita njia ni nani anayetarajiwa kuingia. Hata fomu ya kuruhusu makato ya ada wafanyakazi huiita TUF 6, na wengi wameitia sahihi bila ya kujua herufi hizo ni za nini.

Sheria ya mwaka 2004 ilitungwa katika utawala wa Rais Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, akazikwa huko huko mwaka 2020. Alikuwa msomi wa Kiingereza kutoka Makerere, na kwake yeye maandishi ya sheria ile hayakuwa fumbo. Simlaumu marehemu. Alifuata desturi aliyoikuta, ya kuandika muswada kwa Kiingereza, kuujadili bungeni kwa Kiswahili, kisha kuutangaza kwa Kiingereza. Lakini msomaji na atafakari ajabu ya desturi hiyo. Mwana wa Masasi aliidhinisha sheria ya wafanyakazi, na wafanyakazi wa Masasi, jirani zake na ndugu zake, hawakuweza kuisoma. Ikiwa desturi yamtenga mtu na maneno ya ndugu yake wa kijiji kimoja, desturi hiyo imeoza, hata kama walioishika walikuwa watu wema.

Mwaka 2021 Bunge lilifanya jambo kubwa. Kwa Sheria Namba 1 ya mwaka ule, Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Wengi tulishangilia. Mwaka uliofuata zikatolewa kanuni za kueleza ni katika hali gani Kiingereza kiruhusiwe mahakamani, na wenye mazoea wakapumua. Mlango ulifunguliwa na dirisha likaachwa wazi; na aliyezoea dirisha hapiti mlangoni mpaka asukumwe. Nani wa kumsukuma? Serikali yaweza kungoja, mahakama yaweza kungoja. Chama cha wafanyakazi hakiwezi kungoja, kwa sababu chenyewe ni mali ya huyo anayengojeshwa.

Najua nitajibiwa. Jibu la kwanza litakuwa kwamba sheria yataka lugha iliyokamilika, na Kiswahili hakijakamilika. Asemaye hivi huyo amepita mbele ya Mahakama ya Mwanzo mara ngapi bila ya kuchungulia? Mahakama za Mwanzo zimehukumu kwa Kiswahili miaka yote hii. Zimesikiliza mashahidi, zimetoza faini, zimefunga watu. Ikiwa Kiswahili chatosha kumtia mtu gerezani, chashindwaje kumweleza kwa nini mgombea wake ameondolewa? Neno lililopungua huundwa au huazimwa; ndivyo lilivyoingia neno wakili, ndivyo yalivyoingia hakimu, katiba na kura yenyewe. Lugha hukamilika kwa kutumiwa, wala hakuna lugha iliyokamilishwa kabatini.

Jibu la pili litatoka kwa watu wema zaidi. Watasema: huko kusini kila mtu ajua Kiswahili, na vyama vyafanya kazi kwa Kiswahili, wewe walilia nini? Nimekwisha jibu kwamba pete mbili za mnyororo si za Kiswahili. Lakini naongeza neno moja ambalo wapenzi wa Kiswahili, nami nikiwamo, hatupendi kulisikia. Juu ya uwanda wa Makonde wako wazee, na hasa akina mama, ambao Kiswahili chao ni cha sokoni na cha salamu. Wataka bei, watoa bei, wauliza hali. Ukiwasomea habari za akidi, mdhamini na rufani, wataitikia kwa adabu tu. Hao nao hukatwa ada. Kiswahili kilipokuwa mnyonge kilidai kisikilizwe. Kikipata nguvu kisiwe bwana mpya anayewafungia wengine mlango. Kwa hiyo karatasi na ibaki ya Kiswahili, na maelezo ya mdomo yatolewe kwa Kimakonde, kwa Kiyao au kwa Kimakua pale mwanachama anapoyaomba.

Hapo litakuja jibu la tatu, nalo ndilo lenye kelele nyingi: kwamba mkalimani ataleta ukabila. Tusiogope kivuli. Maadili ya uchaguzi wa nchi yametaka kampeni ziwe kwa Kiswahili, na yameruhusu mkalimani pale ambapo wananchi hawakielewi. Wala nchi haikuvunjika. Ukabila ni kumchagua mtu kwa sababu ya kabila lake. Kumwelewa mtu kabla ya kumchagua ndiyo dawa ya ukabila. Aliye gizani ndiye humfuata wa kwao, kwa kuwa hana kingine cha kumpimia. Mkalimani na akubaliwe na pande zote, aape mbele ya mkutano, aseme yaliyosemwa wala asizidishe. Hilo ni jambo la dakika chache.

Wenzetu wa mbali wamekwisha pita njia hii kwa kusukumwa na mahakama. Huko Los Angeles, Marekani, tawi namba 11 la chama cha wafanyakazi wa mahoteli na migahawa lilikuwa na wanachama ambao karibu nusu yao walijua Kihispania tu, na mikutano yake ya kila mwezi ilikuwa ya Kiingereza. Wanachama wakaenda mahakamani wakiishika sheria ya mwaka 1959 inayowapa wanachama wa vyama haki sawa ya kusema na kupiga kura. Mwaka 1987 mahakama ya rufani ikawapa haki: chama kilipaswa kuweka mkalimani mkutanoni. Hoja iliyoshinda yafaa tuikumbuke, kwamba haki ya kushiriki ni bure kwa mtu asiyeelewa linalojadiliwa. Wale walikuwa wageni katika nchi ya watu, wakidai wasikilizwe kwa lugha ya wageni. Mama yule wa korosho hakuwa mgeni. Alikuwa kwao, juu ya ardhi ya babu zake, akaomba atafsiriwe sheria ya nchi yake katika lugha ya taifa lake. Mgeni wa Los Angeles alipata, na mwenyeji wa kusini akaketi.

Wala si lazima twende Marekani kutafuta mfano. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza katika korosho mwaka 2007, ilikuwa desturi ya minada ya Masasi na Newala kwamba zabuni za wanunuzi hufunguliwa mbele ya wakulima, bei zikasomwa kwa sauti, kisha wakulima wakakubali au wakakataa. Hakuna aliyesoma bei kwa Kiingereza. Angethubutu nani? Mkulima asiyeelewa bei angekataa kuuza, na mnunuzi angerudi na magari matupu. Basi bei ya korosho imesomwa kwa sauti kwa sababu mkulima ana uwezo wa kukataa. Sheria ya wafanyakazi haikusomwa kwa sababu mbanguaji wa korosho hiyo hiyo hajajua kwamba naye ana uwezo huo. Watu husema mnyonge hana haki. Nasema haki anayo, hajasomewa.

Nayataja basi yanayopasa kufanywa. Kila chama kichapishe kwa Kiswahili, pamoja na katiba yake, vifungu vyote vya sheria vinavyohusu uchaguzi, na vibandikwe katika kila tawi siku nyingi kabla ya kura, kisha visomwe kwa sauti siku ya mkutano. Karatasi ya kura iwe na picha ya mgombea au alama, kama jembe na nyumba vya mwaka 1965. Asiyejua kusoma asaidiwe na mtu anayemwamini yeye, si anayeaminiwa na msimamizi. Mgombea akiondolewa, sababu iandikwe kwa Kiswahili na isomwe mkutanoni. Na kuondolewa ambako hakukuelezwa kwa lugha inayoeleweka kuhesabiwe kuwa batili. Mwisho, malalamiko yaliyoandikwa kwa Kiswahili yajibiwe kwa Kiswahili, kutoka tawi mpaka mahakamani. Haya yote hayahitaji fedha kubwa. Chama chenye uwezo wa kuchapisha fulana za Mei Mosi hakiwezi kusema kimekosa karatasi.

Nasi wa vyuo vikuu tusijitoe katika lawama. Kutojua kwa wenzetu kumekuwa mtaji wetu. Sisi ndio tuitwao kutafsiri, kushauri, kuandika barua. Na maadamu mlango umefungwa, mwenye ufunguo haishiwi na wateja. Katika kila chuo kuna wanafunzi wa sheria na wanafunzi wa Kiswahili, nao hupita katika ukumbi mmoja bila ya kuulizana habari. Wakikaa pamoja muhula mmoja, sehemu ya sheria inayohusu vyama yaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili ambacho mbanguaji wa korosho atakielewa. Kazi hiyo ingekuwa na faida kuliko insha nyingi tulizozipa alama nzuri tukazitupa.

Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Kwa vizazi vingi akina mama wa Newala walishuka bondeni kuteka maji, wakapanda tena na mitungi kichwani. Katika miaka ya 1950 maji yakaanza kupandishwa kwa mitambo, na tangu hapo hakuna tena aliyethubutu kusema kwamba ni tabia ya maji kukaa chini na tabia ya wanawake kuyafuata. Sheria nayo imekaa bondeni muda mrefu, na watu wake wako juu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ndiyo maana ya kuwa na chama. Basi chama na kiipandishe sheria. Mama yule aliuliza neno moja tu, "Inasemaje, mwanangu?" Katika uchaguzi ujao atauliza tena, au atauliza binti yake. Msimamizi atakayekosa jibu kwa lugha yao asifungue sanduku.